Lotus Elise kuingia Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wapenzi wa Lotus Elise, gari dogo la michezo la Uingereza, wanaotaka kujua ilivyopenya kwenye sheria za moshi na za usalama za Marekani, na kwa nini mwaka 2011 mlango ule ukafungwa. Maswali nimeyapokea kwa miaka. Mengi yanatoka kwa ndugu walioko Marekani wanaofikiria kununua, mengine kwa mafundi wa Nairobi na Dar es Salaam ambao hawana mpango wa kununua lakini hawapendi kitu cha gari kiwapite bila kukielewa. Mimi naendesha ya 2005, kwa hiyo baadhi ya majibu yametoka chini ya gari, si kwenye karatasi.

Gari lenyewe lina nini mpaka lizungumzwe hivi?

Lina wepesi. Elise ya kwanza ilioneshwa kwenye maonesho ya magari ya Frankfurt mwaka 1995 ikaanza kuuzwa 1996, ikiwa na kilo zipatazo 725. Chesisi yake ni ya alumini. Vipande vyake vilipitishwa kwenye kalibu kama dawa ya meno inavyokamuliwa kwenye tyubu, kisha vikaunganishwa kwa gundi ya epoksi badala ya kuchomelewa. Chesisi yote ilikuwa na kilo 68, uzito wa mtu mzima mmoja. Juu yake wakaweka ganda la faiba, injini ya Rover ya lita 1.8 yenye nguvu za farasi kama 120 nyuma ya viti, na karibu hakuna kingine. Kiwanda kiko Hethel, Norfolk, Uingereza, mahali palipokuwa uwanja wa ndege za kivita. Jina limetokana na Elisa, mjukuu wa Romano Artioli aliyekuwa mkuu wa kampuni wakati huo.

Gari jepesi linatosheka na breki ndogo, tairi nyembamba na injini ndogo. Ukiliongezea kilo hamsini, breki zinataka kukua. Breki zikikua, springi nazo zinadai. Ndiyo maana kila kifungu cha sheria kinachoongeza chuma, waya au mota kinauma hapa kuliko kwenye gari la tani mbili, ambalo hata halitakisikia.

Kama lilikuwa zuri hivyo tangu 1996, kwa nini Wamarekani walisubiri mpaka 2004?

Injini ya Rover haikuwahi kuidhinishwa kwa sheria za moshi za Marekani, na kuiidhinisha kungekula fedha ambazo kampuni ndogo kama Lotus haikuwa nazo. Marekani tangu magari ya mwaka 1996 inadai mfumo wa kompyuta unaojichunguza wenyewe, ule wa OBD-II: gari linatakiwa kugundua lenyewe kwamba silinda moja haichomi vizuri, kwamba masega ya ekzosi (kile kifaa kinachosafisha moshi) yamechoka, kwamba mvuke wa petroli unavuja, kisha liwashe taa kwenye dashibodi. Ulaya ilikuja kudai kitu cha namna hiyo kwa magari ya petroli miaka michache baadaye. Injini ya Rover ilibuniwa kwa dunia ile ya Ulaya.

Lotus walikuwa na Esprit, gari lao jingine, sokoni Marekani, lakini ilikuwa imezeeka na uzalishaji wake ulikoma 2004. Bila gari jingine, wauzaji wao wa Marekani wangebaki na yadi tupu. Wakatafuta injini ambayo tayari ilishakubalika kule. Wakaipata Toyota.

Ni kweli injini ile ndiyo ya Runx?

Kweli kabisa, na swali hili hunifurahisha kila linapokuja. Inaitwa 2ZZ-GE, lita 1.8, kazi ya Toyota na Yamaha. Marekani ilikuwa kwenye Celica GT-S. Huku kwetu imekuja kwa mlango mwingine, ndani ya Corolla Runx na Allex zile za toleo la kasi kutoka Japani. Si kila Runx inayo. Nyingi zina 1NZ au 1ZZ. Lakini fundi aliyewahi kuifungua 2ZZ ya Runx pale Nairobi ameshika injini ya Elise ya Marekani.

Ina kemishafti (mihimili inayofungua valvu) zenye nundu za aina mbili. Kwenye mwendo wa kawaida inatumia nundu fupi. Kwenye Elise, ikifika mizunguko kama 6,200 kwa dakika inahamia nundu ndefu, na mlio unabadilika kana kwamba gari jingine limeanza. Inafika farasi 190 kwenye mizunguko 7,800. Ina gia sita. Na kwa wale wanaouliza kuhusu Wish: ndiyo, Elise S ya Ulaya ya 2006 ilitumia 1ZZ-FE, ndugu yake mpole, ile ile ya Wish ya lita 1.8. Marekani hiyo haikupelekwa.

Toyota walikuwa wameshaipitisha. Lotus walibakiwa na kazi gani?

Kazi nyingi, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Cheti cha moshi cha Marekani hakitolewi kwa injini ya gari dogo peke yake. Kinatolewa kwa gari zima: injini, kontroli boksi (kompyuta ya injini), ekzosi, masega, tangi, uzito na gia. Injini ya Celica ilikuwa mbele, Elise iko nyuma ya kiti. Bomba la ekzosi ni fupi, joto la chumba cha injini ni tofauti, na uzito ni mdogo zaidi. Juu ya hayo, Lotus waliitumia kontroli boksi yao wenyewe yenye programu yao. Kwa hiyo ilibidi walipime upya gari lao, kwa jina lao.

Kipimo kikuu kinafanyika gari likiwa juu ya rola. Linaachwa lipoe muda mrefu, kisha linawashwa likiwa baridi na kufuata ratiba maalumu ya mwendo yenye urefu wa kama maili 11, huku moshi wote ukikusanywa kwenye mifuko na kupimwa. Dakika zile za kwanza ndizo zinazoamua. Masega baridi hayafanyi kazi, na sehemu kubwa ya uchafu wa safari nzima inatoka kabla hayajapata moto. Ndiyo sababu mhandisi anataka masega yakae karibu na injini iwezekanavyo, na kwenye gari lenye injini katikati hiyo maana yake ni kupeleka tanuri karibu na kila kitu kinachoweza kuungua.

Kuna kipimo cha pili ambacho wengi hawakijui, cha mvuke. Gari lililozimwa linafungiwa kwenye chumba kisichopitisha hewa, joto linapandishwa na kushushwa kama mchana na usiku, kisha wanapima petroli iliyopotea hewani. Gari limelala tu, lakini linapimwa. Ili kupita, tangi linafungwa vizuri na mvuke wake unapelekwa kwenye mkebe wenye mkaa. Mkaa unaushika, na injini ikiwaka inauvuta na kuuchoma. Kwenye Marekani ya OBD-II, gari linapaswa pia kujipima lenyewe kama mfumo huo unavuja. Kifuniko cha tangi kilicholegea kinatosha kuwasha taa.

Kampuni ndogo zinapewa unafuu kidogo kwenye upande huu. EPA, shirika la mazingira, inaruhusu mtengenezaji mdogo kutumia makadirio yaliyokwisha kuwekwa ya jinsi masega yatakavyochakaa, badala ya kuliendesha gari la majaribio maili elfu nyingi kuthibitisha. Lakini kikomo cha moshi chenyewe hakifutwi. Naona hilo ni sawa. Mapafu ya mtoto wa Los Angeles hayajui kampuni iliyotoa moshi ina wafanyakazi wangapi.

Na upande wa usalama, ni nani anayetoa cheti?

Hakuna. Hili linawashangaza watu waliozoea mfumo wa Ulaya, ambako gari linapelekwa kwa mamlaka, linapimwa, linapewa idhini, ndipo linauzwa. Marekani, chini ya sheria ya usalama wa magari ya 1966, mtengenezaji anajithibitishia mwenyewe. Anabandika kibandiko kwenye mlango kikisema gari linatimiza viwango vyote vya shirikisho, na kuanzia hapo amejifunga. NHTSA, idara ya usalama barabarani, inaweza kwenda kununua gari hilo dukani, ikaligonga yenyewe, na ikikuta uongo mtengenezaji analirudisha kila gari aliloliuza.

Kwa hiyo moshi una cheti kabla ya kuuza, usalama una dhamana baada ya kuuza. Ukichanganya hayo mawili hutaelewa habari yote inayofuata.

"Msamaha" unaotajwa kila mahali ni kitu gani?

Ni kifungu cha kanuni za NHTSA kinachoitwa Part 555. Mtengenezaji wa magari yasiyozidi 10,000 kwa mwaka anaweza kuomba asamehewe kiwango fulani kwa muda, mpaka miaka mitatu kwa kila ombi, akionesha kwamba kukitimiza mara moja kutamletea hasara kubwa ya kiuchumi na kwamba amejaribu kwa nia njema. Maombi yanatangazwa hadharani, wananchi wanatoa maoni, idara inaamua. Magari yaliyosamehewa yanabandikwa maandishi yanayotaja kiwango gani hakikutimizwa. Hakuna cha siri.

Elise ilipoingia 2004 ilipewa miaka mitatu kwa mambo mawili, bampa na taa za mbele. Baadaye ikaomba tena kwa mifuko ya hewa.

Bampa ina shida gani? Si plastiki tu?

Kanuni ya bampa ya Marekani haikutungwa kumlinda mtu. Ilitungwa kulinda mfuko wake. Mwaka 1972 Bunge lao lilipitisha sheria ya kupunguza gharama za wenye magari, kwa sababu kugusana kidogo kwenye maegesho kulikuwa kunaleta bili kubwa. Kwa miaka kadhaa magari yalitakiwa kuhimili pigo la maili 5 kwa saa bila kuharibika. Mwaka 1982 ikashushwa kuwa maili 2.5. Pigo linapigwa kwa pendulamu, uzito unaoning'inia na kubembea, kwenye kimo cha inchi 16 hadi 20 kutoka ardhini.

Waingereza walikwisha kuumwa na kanuni hii. MGB, gari lao dogo la michezo, ya mwishoni mwa 1974 ilivikwa mabampa makubwa meusi ya mpira na kuinuliwa kwa kama inchi moja na nusu, na gari lililokuwa linashika kona kama limenata barabarani likaanza kuyumba. Wapenzi wa MG wanalisema jambo hilo mpaka leo kwa uchungu.

Elise nzima ina kimo cha mita 1.1 hivi. Pua yake ni ganda moja la faiba linaloanzia chini ya kioo mpaka mbele kabisa, pamoja na matao ya magurudumu. Ukiweka boriti ya bampa yenye kuhimili pendulamu, umebadilisha pua, umebadilisha mtiririko wa hewa unaoingia kwenye rejeta, na umeongeza uzito mahali pabaya kabisa, mbele ya ekseli. Kwa hiyo wakaomba msamaha.

Sasa nisikilize vizuri wewe unayetaka kununua, maana hili ndilo litakalokugusa. Msamaha haukuifuta ile gharama ambayo Bunge lilitaka kuiondoa. Uliihamishia kwako. Gari la kawaida likiguswa kwenye maegesho, unabadilisha bampa. Elise ikiguswa, ganda linapasuka, na ganda ni kipande kimoja. Kulitoa, kulitengeneza au kulibadilisha na kulipaka rangi ni bili ya maelfu ya dola, na kampuni za bima zimewahi kuziandika Elise kuwa hasara kamili ilhali chesisi haikuguswa. Mimi la kwangu lilisukumwa kwa nyuma na mtu aliyekuwa anatafuta nafasi, kasi ya mtu anayetembea. Ufa ulikuwa na urefu wa kiganja. Bima, kampuni sitaitaja, ilitaka kulichukua gari lote. Nilipambana wiki sita kulibakiza.

Na taa?

Ulaya inataka mwanga wa chini uwe na mstari mkali juu yake, ili asiumizwe macho anayekuja. Marekani inataka mwanga kidogo uelekee juu kusudi vibao vilivyotundikwa juu ya barabara vionekane, na inavumilia mng'ao zaidi. Taa moja ni vigumu ikidhi pande zote mbili. Kwenye pua ya Elise taa imezama ndani ya ganda, kwa hiyo kubadilisha taa ni kubadilisha pua. Mengine yalikuwa mepesi: taa ndogo na viakisi vya pembeni, vya njano mbele na vyekundu nyuma, ambavyo Marekani inavidai tangu miaka ya 1968 na 1970. Ukiziona hizo ubavuni, umeijua Elise ya Marekani ukiwa mbali.

Mifuko ya hewa: kwa nini ndiyo iliyoiua?

Jibu hili ni refu, tafadhali lisome lote.

Kiwango cha Marekani namba 208 kina sharti ambalo Ulaya haina: gari limlinde hata mtu asiyefunga mkanda. Tangu zamani wabunge wao waliona kwamba wananchi wengi hawafungi, na wakaamua gari lifanye kazi hiyo. Ili kumsimamisha mwanamume mzima anayeruka mbele bila mkanda kwa kasi ya maili 30 kwa saa, mfuko unatakiwa uwe mkubwa na ufumuke kwa nguvu nyingi. Miaka ya 1990 nguvu hiyo ikaanza kuua watoto na wanawake wafupi waliokaa karibu na usukani au dashibodi, kwenye ajali ambazo zingewaacha na michubuko tu.

Mwaka 2000 NHTSA ikatoa kanuni mpya. Mfuko uwe na akili. Ujue nani amekaa. Ujaribiwe kwa wanasesere wa mwanamke mdogo wa umbo, wa mtoto wa mwaka mmoja, wa miaka mitatu, wa miaka sita. Kwa hawa wadogo mfuko uzimike au ufumuke kwa upole. Kanuni ilianza kwa awamu kwa makampuni makubwa, na kampuni ndogo zikapewa mpaka Septemba 2006.

Tofauti na injini iko hapa. Injini unaweza kuinunua kwa Toyota ikiwa ndani ya sanduku. Mfuko wa hewa hauuzwi hivyo. Programu inayoamua ufumuke lini inategemea chesisi inavyokunjika, na chesisi ya alumini iliyogundishwa haikunjiki kama ya chuma. Mbele ya chesisi ya Elise kuna sanduku la faiba linalovunjika vipande vipande kunyonya pigo. Mshtuko wake unafika kwenye sensa kwa sura yake yenyewe. Halafu kuna kiti chembamba ambacho kinatakiwa kutiwa sensa ya kupima uzito wa aliyekaa, na umbali kati ya kifua na dashibodi kwenye kibanda kidogo vile. Kila jibu la maswali hayo linapatikana kwa kuligonga gari zima ukutani, kisha jingine, kisha jingine. Kampuni inayouza magari laki tano inagawa gharama hiyo mpaka inakuwa senti. Inayouza elfu chache haina pa kuigawia, na watengenezaji wa mifuko wenyewe hawana hamu ya kazi ya oda ndogo.

Lotus wakaomba msamaha, wakapewa, wakaendelea. Msamaha wa Elise ulipofika mwisho mwaka 2011, wakati huo gari lenyewe likiwa linaelekea uzeeni, hawakuwa na mfumo mpya wa kuweka. Elise na ndugu yake Exige wakaacha kuuzwa Marekani kwa matumizi ya barabarani. Ulaya iliendelea kuuzwa miaka mingine kumi, mpaka 2021.

Je, idara ilikosea? Nimelifikiria sana. Nalipenda gari hili kuliko gari lolote nililowahi kulishika, lakini siwezi kusema kanuni iliyoandikwa baada ya watoto kufa ni ya kipuuzi. Ninachosema ni kwamba ilichukulia kila mtengenezaji ana uwezo wa makampuni makubwa ya Detroit, na muda wa msamaha ulikuwa mrefu wa kutosha kuliuza gari, mfupi mno kwa kampuni ndogo kulijenga upya.

Mwisho wa yote, kilo ngapi ziliongezeka?

Watu hulinganisha kilo 725 za mwaka 1996 na pauni 1,975, yaani kilo kama 896, za Elise ya Marekani ya 2005, wakalia kwamba sheria zimeleta kilo 170. Ulinganisho huo si wa haki. Elise ya toleo la pili ilikwisha kuongezeka uzito huko huko Ulaya, na 111R ya Ulaya yenye injini ile ile ya Toyota ilikuwa na kilo 860. Tofauti ya kweli ni kilo thelathini na kitu, na ndani ya hizo kuna kipoza hewa na redio, vitu ambavyo mnunuzi wa Marekani alivitaka mwenyewe.

Linganisha na Alfa Romeo 4C, iliyokwenda kule miaka kumi baadaye. Ilikuwa na beseni la nyuzi za kaboni lenye kilo 65, kitu cha kustaajabisha, na bado toleo la Marekani lilikuwa na pauni 2,465, zaidi ya kilo 1,100.

Tesla ya kwanza ilikuwa Elise kweli?

Tesla Roadster ya 2008 ilijengwa Hethel juu ya chesisi iliyotokana na ya Elise, ikasafirishwa bila mota wala betri, ikakamilishwa California. Haikutoa moshi hata chembe, kwa hiyo vile vipimo vya moshi nilivyovieleza hapo juu havikuihusu. Lakini ilikuwa na kibanda kile kile, na Tesla nao ilibidi waombe NHTSA iwasamehe mifuko ya hewa ya kisasa. Wakapewa. Walijenga kama 2,450 kisha wakaacha. Kwa hiyo hata ukiitoa injini kabisa, kikwazo kilikuwa kimebaki kwenye kibanda.

Niko Marekani. Naweza kuleta Elise ya Rover kutoka Uingereza?

Ikiwa na miaka 25 kamili tangu mwezi iliyotengenezwa, ndiyo. Kuanzia hapo viwango vya usalama vya shirikisho haviizuii, na EPA ina kikomo chake cha miaka 21 kwa gari lililobaki na injini yake ya asili. Utajaza fomu mbili forodhani, HS-7 ya usalama na 3520-1 ya moshi. Za 1996 zilianza kuruhusiwa 2021, na kila mwezi mlango unafunguka kwa nyingine. Hesabu mwezi, si mwaka. Gari lililofika bandarini likiwa limebakiza majuma machache linaweza kurudishwa lilikotoka au kuharibiwa, na hakuna afisa atakayekuhurumia.

California ni nchi ndani ya nchi. Ile miaka 25 haikuondolei kipimo cha moshi cha jimbo. Uliza CARB, idara ya hewa ya jimbo hilo, kabla ya kutuma hata senti.

Na usinunue gari la toleo la pili lililoingizwa kama "kiti", chesisi huku na injini kule, kisha likasajiliwa kwa jina la gari la kujitengenezea. Bei yake inavutia. Serikali ikiligundua, aliyelishika ndiye anayelipoteza.

Fundi ananiambia ning'oe masega gari lipumue. Nifanye?

Hapana. Kwanza ni kosa la shirikisho chini ya sheria ya hewa safi, popote ulipo Marekani. Pili, sensa ya oksijeni ya nyuma ya masega itaona, taa itawaka, na kwenye jimbo linalopima moshi hutapita. Tatu, hizo farasi chache unazozifuata 2ZZ inazitoa yenyewe ukiiacha ifike juu ya mizunguko 6,200. California hata ekzosi ya kununua inatakiwa iwe na namba ya idhini ya CARB.

Gari langu halina tatizo lolote, lakini limekataliwa kwenye kipimo. Kwa nini?

Betri. Elise nyingi zinakaa gereji majira ya baridi, betri inakufa, inabadilishwa, na kumbukumbu ya kujichunguza inafutika. Mpimaji anachomeka mashine yake, anakuta kompyuta haijamaliza kujipima, anakukataa. Kwa magari ya petroli ya 2000 na kuendelea California inaruhusu kipimo kimoja tu kiwe hakijakamilika, cha mvuke. Liendeshe siku kadhaa kwa mchanganyiko: kuwasha likiwa baridi, mwendo wa mjini, mwendo wa kutulia barabara kuu, tangi lisiwe limejaa wala kukauka. Kisha rudi.

Ninataka la 2005 hadi 2011 lililotumika. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kibandiko cha mlangoni na kile cha moshi chumba cha injini. Visipokuwepo, uliza vilikwenda wapi. Ganda lililobadilishwa mara nyingi halirudishiwi vibandiko. Tazama ganda la mbele na la nyuma kwa mwanga wa ubavu, utafute mistari ya nyufa zilizozibwa. Halafu lala chini na tochi, kagua chesisi. Faiba inatengenezeka. Chesisi iliyogundishwa ikipinda hainyoshwi, inabadilishwa.

Naweza kuipeleka Kenya?

Ya Marekani hapana, kwa sababu usukani uko kushoto na Kenya haisajili magari ya kawaida ya namna hiyo. Tena zote zimepita miaka minane, kikomo cha umri cha gari lililotumika kuingizwa Kenya. Unayoweza kuifikiria ni ya mwisho kabisa, ya Uingereza, usukani kulia, ya 2020 au 2021, na muda wake nao unakwisha. Kabla ya hapo, pima kwa futi matuta ya barabara unayokaa.

Mwanangu ana miaka sita. Anaweza kupanda?

Nimeulizwa hili na baba mmoja aliyekuja na mtoto kuangalia gari, na mtoto alikuwa ameshakaa kitini akicheka. Nilimtoa. Elise zote zilizouzwa Marekani, za kabla ya Septemba 2006 na za baada yake zilizouzwa chini ya msamaha, zina mfuko wa abiria wa kizazi kile cha zamani, usiopima aliyekaa. Ushauri wa kule ni mtoto wa chini ya miaka 13 akae kiti cha nyuma, na gari hili halina kiti cha nyuma. Angalia kama gari lako lina swichi ya kuzima mfuko wa abiria. Kama halina, asipande hata kwa mzunguko mmoja wa mtaa. Mwache akae nyuma ya usukani gari likiwa limezimwa, ufunguo uko mfukoni mwako, apige honi atakavyo.